Haki na Rehema: Tukimtafakari John Lewis

Neno la wiki: Mika 6:8

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nabii Mika anataja kutenda haki na kupenda rehema kwa pumzi moja. Sisi makanisani tumezoea kuvitenganisha. Anayedai haki huambiwa ana uchungu moyoni, akaombewe. Aliyesamehe hutarajiwa asilitaje tena jambo lile, hata kama waliomdhulumu wanaendelea kuwadhulumu wengine. Wiki hii nimemtafakari mtu aliyevishika vyote viwili kwa miaka karibu sitini: John Lewis, mbunge wa Georgia kule Marekani, aliyefariki tarehe 17 Julai 2020 akiwa na miaka 80.

Alizaliwa katika familia ya wakulima weusi karibu na mji wa Troy, Alabama. Utotoni alipewa kazi ya kutunza kuku, naye akawa anawahubiria, kwa maana alitamani sana kuwa mchungaji. Akaenda kusomea theolojia katika chuo cha Kibaptisti mjini Nashville, na huko akamkuta James Lawson, mtumishi wa Kimethodisti aliyewafundisha vijana kupinga ubaguzi wa rangi bila kurudisha pigo. Walifanya mazoezi kanisani. Walitukanana, wakasukumana, wakaangushana kutoka vitini, ili siku ya mapigo ya kweli mikono isikimbilie kulipiza.

Hapa naomba tukae kidogo. Sisi humwomba Mungu neema ya kusamehe baada ya kuumizwa, tena wakati hasira imeshatawala. Vijana wale walianza kujifunza rehema kabla adui hajatokea. Nadhani ndiyo sababu ilikuwepo ilipohitajika.

Ilihitajika Mei 1961. Lewis na wenzake, weusi kwa weupe, walipanda mabasi kuelekea majimbo ya kusini ili kuona kama hukumu ya Mahakama Kuu iliyokataza ubaguzi katika vituo vya mabasi inaheshimiwa. Huko Rock Hill, South Carolina, alipotaka kuingia chumba cha abiria wazungu, alipigwa hadi akatoka damu. Polisi waliuliza kama angependa kuwashtaki waliompiga. Akakataa. Lakini hakurudi nyumbani pia! Siku chache baadaye alikuwa tena ndani ya basi, na mjini Montgomery akapigwa hadi akazimia.

Tarehe 7 Machi 1965 alikuwa mstari wa mbele mjini Selma, pamoja na watu wapatao 600 waliodai haki ya weusi ya kupiga kura. Walipovuka daraja la Edmund Pettus, askari wa jimbo waliwashambulia kwa virungu na mabomu ya machozi, na Lewis akapasuliwa fuvu. Agosti mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kulinda haki ya kura.

Aliingia bungeni Januari 1987 na kubaki humo hadi alipofariki. Mwaka 2009, miaka 48 baada ya Rock Hill, mmoja wa wale waliompiga alifika ofisini kwake Washington, akiwa sasa ni mzee, amefuatana na mwanawe. Huyu aliwahi kuwa mfuasi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi. Akaomba msamaha. Lewis akamsamehe, wakakumbatiana, wakalia.

Wapendwa, tunaipenda sehemu hii, na ni haki tuipende. Ila tusiisimulie peke yake. Mbunge yule aliyemkumbatia aliyempiga alikamatwa na polisi mara tano akiwa mbunge, ikiwemo mbele ya ubalozi wa Sudan alikokwenda kupinga mauaji ya Darfur. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilipoiondolea sheria ya kura nguvu zake nyingi, hakusema kwamba yeye amekwisha kusamehe yaliyopita. Alirudi kuipigania. Desemba 2019 baraza la wawakilishi lilipitisha muswada wa kuirudishia nguvu, na Lewis ndiye aliyegonga nyundo kutangaza matokeo. Mwezi huohuo alitangaza kwamba ana saratani ya kongosho. Alipofariki, muswada ule ulikuwa bado haujawa sheria.

Basi tunapokutana katika vikundi vyetu wiki hii, tusome Mika 6:6-8 na Warumi 12:17-21. Kisha tumwombee kwa jina ndugu mmoja miongoni mwetu aliyedhulumiwa, mjane aliyenyang'anywa shamba au kijana aliyenyimwa ujira wake, na tumuulize yeye mwenyewe: tukusindikize wapi, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa wazee wa ukoo, au mahakamani?