Darasa la bati limenikumbusha Profesa Kéré

Leo saa saba mchana nilikuwa shule moja ya msingi huku Dodoma, kupima darasa linalotakiwa kukarabatiwa. Bati tupu, dari hakuna. Mwalimu alishawatoa watoto, wanasomea chini ya mwembe.

Hapo hapo nikamkumbuka Profesa Francis Kéré, msanifu majengo.

Nilihudhuria mihadhara yake nikisomea usanifu majengo München, Ujerumani. Alituonyesha shule ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Kuta za matofali ya udongo, dari ya matofali hayo hayo, na bati limeinuliwa juu kabisa ili hewa ya moto ipite katikati iende zake.

Lakini mimi kilichonikaa ni vyungu.

Kwa ajili ya dari ya maktaba ya shule hiyo, akina mama wa kijiji walileta vyungu vyao. Vikakatwa juu na chini, vikapangwa, zege likamwagwa kuvizunguka. Mwanga unashukia kwenye matundu yale, joto linapandia humo humo. Vyungu jamani! Bibi yangu kule Kondoa alifinyanga vyungu maisha yake yote, na sikuwahi kuvihesabu kama vifaa vya ujenzi.

2022 Kéré alipopata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata, nilishangilia kama ndugu yangu kabisa.

Kesho naanza kuchora, na bati la darasa hili lazima lipande.

Mliosomea chini ya bati, mchana mlikuwa mnavumiliaje? Na mafundi wa Dodoma, nani anafyatua matofali mazuri ya udongo? Niandikieni hapa.