Alama usoni mwa binti yangu
Binti yangu alizaliwa na alama nyekundu iliyofunika kope moja na nusu ya paji la uso. Watu hunisimamisha kuniuliza kama aliungua. Hapana, ni alama ya kuzaliwa iitwayo kwa Kiingereza "port-wine stain", yaani mishipa midogo ya damu iliyotanuka kwenye ngozi, wala haikuletwa na chochote nilichokula nikiwa mjamzito. Alama ya aina hii haifutiki yenyewe, ila mionzi ya leza huififisha. Alama ikiwa kwenye kope au paji, jicho au ubongo huweza kuathirika pia, kwa hiyo tafadhali, mtoto apimwe presha ya macho mapema, na akipata degedege akimbizwe hospitali! Vascular Birthmarks Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa 1994, huwaunganisha wazazi na madaktari wanaoijua hali hii. Mzazi mwenzangu, ukitaka wa kuongea naye, niandikie.