Ijumaa ya mmisionari Malindi

Saa kumi na nusu alfajiri

Muadhini wa mtaa wetu huniwahi kabla kengele ya simu haijalia. Nasali nikiwa bado ndani ya chandarua, kisha natoka uani kuchungulia pipa. Maji ya mji huu huvutwa kutoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, na yakikatika tunanunua ya mitungi kwa vijana wa mikokoteni. Leo pipa limefika nusu na tuna watoto kumi na tisa. Basi wakubwa wataoga kwa kata mbili, wadogo watafutwa uso na miguu, na mimi nitajipaka manukato.

Mimi ni mmisionari. Najua neno hilo likitajwa, watu humwazia Krapf, yule Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, au Mzungu wa siku hizi aliyepiga magoti kwenye picha amezungukwa na watoto wanaocheka. Mimi ni Mbena wa Njombe, Tanzania. Nimekulia kwenye baridi na viazi mviringo, na kanisa langu ndilo lililonituma Kenya kusaidia makao haya madogo ya watoto. Naishi hapa kwa kibali cha daraja la herufi I, kile cha watu wa dini na kazi za hisani, na kwa posho ambayo siitaji kiasi chake kwa sababu mama yangu naye anasoma mtandaoni.

Saa kumi na mbili

Uji, sare, kiatu cha kushoto kinatafutwa nyumba nzima. Sina la kusimulia hapa ambalo mama yeyote halijui.

Ila jambo moja, kwa wanaodhani tunakusanya watoto ili tuwabatize. Hakuna mtoto anayeingia hapa kwa kuokotwa njiani. Huja kupitia afisa wa watoto na hati ya mahakama, na hakimu ndiye anayesema akae kwa muda gani. Wawili kati yao ni Waislamu, na jioni huenda madrasa kwa ustadhi jirani yetu. Wa kwetu Njombe wakiniuliza kama huko si kushindwa kwa utume, nami nawauliza kama Msamaria Mwema alianza kwa kumbatiza yule majeruhi.

Saa mbili asubuhi

Mimi na binti mmoja wa makao yetu tulifika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo tukamkuta bibi yake ameshatutangulia. Ametoka ndani huko Magarini, bodaboda mpaka barabarani kisha matatu, naye ameketi kwenye ngazi, leso moja kiunoni, nyingine mabegani, miguu ina vumbi jekundu hadi magotini. Binti akaniponyoka mkono. "Hawe!" Ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi.

Binti huyu ana miaka tisa. Jina lake siliandiki, wala la kijiji chao. Mama yake aliugua akafia nyumbani, akazikwa nyumbani, hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa kuhusu kifo hicho. Baba hajulikani alipo. Mtoto alipitia mikono mingi kabla ya kuletwa kwetu, na ilichukua muda mrefu, simu nyingi na machifu kadhaa kumpata huyu bibi, ambaye kumbe muda wote alikuwa akimtafuta mjukuu wake upande mwingine wa mto. Ana nyumba ya udongo iliyosimama sawasawa, mbuzi, shamba la mahindi na mihogo, na mwana mwingine anayeishi uani hapo hapo na mkewe. Afisa wa watoto ameenda, ameona, ameridhika. Shule ikifungwa mwisho wa mwaka, binti anarudi kwao.

Kwa sababu hiyo ndiyo kazi sasa. Tangu Novemba 2017 serikali imesimamisha kusajili makao mapya, Sheria ya Watoto ya 2022 inataka makao yawe njia ya mwisho kabisa, na mpango wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwa familia. Wenzangu wengine wa kanisani wanalalamika. Mimi nauunga mkono mpango huo kwa moyo wote, maana mtoto hakuumbiwa zamu za walezi. Lakini kumrudisha mmoja kunakula viatu kuliko kulea kumi.

Kilichobaki kwa binti ni cheti cha kuzaliwa. Bila namba ya cheti hicho, kuingizwa kwenye mfumo wa serikali wa wanafunzi ni vita, na kumhamishia shule ya karibu na bibi ni vita ya pili. Uzazi usipoandikishwa ndani ya miezi sita huhesabiwa umechelewa, na aliyechelewa hudaiwa karatasi: fomu, barua ya chifu, kitambulisho cha ndugu, kadi ya kliniki. Kadi ya kliniki ililiwa na mchwa. Kwa hiyo tulikwenda hospitali, daktari akamkagua binti meno, akaandika makadirio ya umri. Nilikuwa na kila kitu kwenye bahasha ya kaki, nimekipanga kwa mpangilio wa kudaiwa. Nilijiona hodari.

Saa tatu na nusu

Zamu yetu ilifika. Kijana wa dirishani alizipekua karatasi bila kuniangalia.

"Cheti cha kifo cha mama kiko wapi?"

Nikaeleza: alifia nyumbani, alizikwa nyumbani, hakuna.

"Basi kaandikisheni kwanza kifo, ndipo mje kwa uzazi."

"Kifo tunaandikishia wapi?"

"Hapa hapa. Lakini ili tuandikishe, lazima tuone kitambulisho cha marehemu."

Marehemu hakuwahi kuchukua kitambulisho. Bibi, aliyekuwa amenyamaza wakati wote, akainama kwenye lile tundu la kioo akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, unataka marehemu aje mwenyewe atie dole gumba?"

Foleni nzima ikacheka. Kijana hakucheka. Akaniangalia mimi sasa, akasikiza lafudhi yangu.

"Wewe ni Mtanzania?"

"Ndiyo."

"Na unashikilia mtoto wa Kenya kwa mamlaka ya nani?"

Nikampa hati ya mahakama. Akaisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, kwa ile sauti ya kunong'ona inayokusudiwa isikike: "Watu wa makanisa hawa. Shakahola tumeisahau?"

Hilo linaniuma, na sina la kumlaumu. Msitu wa Shakahola uko bara ya mji huu huu. Kuanzia Aprili 2023 walifukuliwa mle zaidi ya watu 400, watoto wakiwemo, wengi wao wakiwa wamefungishwa kula hadi kufa kwa mahubiri ya mtu aliyejiita mchungaji. Tangu hapo, ukisema hapa kwamba wewe ni mtu wa Injili na unalea watoto wa wenzako, watu hukukagua mara mbili. Wana haki. Nikageuka nikamwambia yule mama aje siku yoyote, bila kutoa taarifa, afungue hata sufuria. Akasema atakuja. Natumaini atakuja kweli.

Kijana akarudi na mkubwa wake, mama mtu mzima mwenye miwani. Huyo akasema kesi kama hizi zipo, bibi aape kiapo na barua ya chifu ieleze kifo cha mama, itatosha. Nikataka kumbusu. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kibodi.

Sistimu ikalala.

Sasa hapa ndipo saa zangu zinapochanganyikana. Tulirudishwa kwenye benchi. Joto la Malindi kabla ya mvua halina pa kulikimbia, upepo wa baharini unaishia kwenye ukuta wa ua, na feni ya ofisi ilikuwa inazungukia upande wao. Bibi akampakata binti, mtoto mkubwa mwenye miguu iliyofika chini, akaanza kumkagua kama mtu anayepokea mzigo uliosafirishwa. Kucha. Masikio. Akamfungua kiatu, akapekua katikati ya vidole vya miguu akitafuta funza, hakuona. Akaja kwenye nywele.

"Nani kamsuka huyu?"

"Mlezi wetu, Hawe."

"Kamsuka au kamfunga? Tazama jicho lilivyovutika." Akaanza kufumua msuko mmoja baada ya mwingine, kwa vidole vikavu vyenye mikunjo, akitema mate kidogo kwenye ncha ya kidole panapokaza. Binti, ambaye kwetu hakubali kuguswa kichwa bila kelele za kuamsha mtaa, alisinzia.

Simu ikaita. Mpishi.

"Anti, kuna wageni getini. Wazungu wanne na kijana wa tuktuk. Wana mfuko wa peremende na kamera. Wanasema waliahidiwa kuona watoto."

"Waliahidiwa na nani?"

"Na kijana wa tuktuk."

Malindi ni mji wa watalii, Waitaliano hasa, hata muuza madafu anakuuliza hali kwa Kiitaliano. Wengi ni watu wema tu. Lakini baadhi yao, ufuo ukishawachosha, hutafuta yatima wa kutazama alasiri, na vijana wa tuktuk wanajua njia. Nikamwambia mpishi: wapewe viti na maji, wasiingie bwenini, picha hakuna, msaada uandikwe kitabuni, peremende zihifadhiwe stoo. Dakika kumi, simu tena. Mgeni mmoja amekasirika, anasema ametoka mbali, picha moja ina ubaya gani. Akapewa simu aongee nami. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha Njombe: kwenu, ukienda shuleni usikojulikana na mfuko wa pipi, ukaomba kupiga picha watoto wa wenyewe, utapelekwa wapi? Kimya. Kisha akasema lakini hapa ni tofauti. Nikamwambia hapana, si tofauti, nikamrudishia mpishi.

Bibi akauliza nilikuwa nagombana na nani. Nikamweleza. Akafikiri. "Wangeleta unga," akasema, akaendelea kufumua.

Saa sita ikapita. Ni Ijumaa, kwa hiyo ofisi ikapungua watu kwa ajili ya sala, na chakula cha mchana kikaungana na sala. Tulikula mihogo ya kukaanga ya pilipili na ndimu hapo nje. Sistimu iliamka, ikalala, ikaamka. Sijui ilikuwa saa ngapi mama wa miwani aliponiita. Aliingiza jina la binti, la mama, la kijiji. Bibi akaweka kidole kwenye wino, hakikuchukua, kimelimika mno. Wakajaribu kingine, na kingine. Cha tano kikakubali.

Kisha akaigeuza barua ya chifu, akaigeuza tena.

"Muhuri haupo."

Sahihi ipo. Tarehe ipo. Namba ya simu ya chifu ipo. Muhuri haupo, na yeye hawezi kuipeleka mbele bila muhuri, na safari hii sikuwa na hoja, maana alikuwa na haki. Akaniambia faili linabaki wazi mezani kwake, barua yenye muhuri ikifika Jumatatu hatutapanga foleni upya. Nikampa bibi nauli na barua, akaikunja ndani ya leso. Kesho chifu ana baraza, atamkuta huko. Akamshika binti kidevu, akamtazama, kichwa kizima kimefumuliwa kimesimama kila upande, akaenda kutafuta matatu kabla giza halijamkuta njiani.

Jioni

Peremende hazikuwa stoo. Mgeni mmoja, wakati wa kuondoka, alizimwaga juu ya ukuta, na wadogo waliokuwa wamesharudi kutoka shule walizigombania mchangani kama kuku. Hakuna picha, lakini midomo minne ilikuwa myekundu, meno mawili yanauma, na mmoja alitapika kwenye godoro lililoanikwa kwa sababu usiku wa jana alilikojolea. Nilifua. Wali wa nazi na mchicha, sala, ugomvi wa nani alale karibu na dirisha. Binti alikataa kusukwa upya. Alisema hawe ndiye atakayemsuka.

Umeme ulikatika, nikaandika ripoti ya mwezi kwa simu, chaji ikiwa inaelekea ukingoni. Kulikuwa na ujumbe wa mfadhili mmoja: ameona idadi ya watoto imeshuka kulinganisha na mwaka jana, je, kuna tatizo, na tunaweza kumtumia picha za watoto wapya? Hawa ndio wanaonichosha kuliko dirisha la ofisi. Kitanda kitupu hakimvutii mtu kutoa, wakati kitanda kitupu ndicho kilichogharimu nauli zote zile, viapo, wino na mihogo ya benchini. Nilimwandikia kwamba hakuna tatizo, na kwamba kama Mungu akipenda, Januari tutakuwa wachache zaidi, na fedha alizokuwa anatoa kwa chakula cha binti mmoja naomba zielekezwe kwa sare, karo na mbuzi wawili wa bibi yake kwa mwaka wa kwanza. Hajajibu.

Jumatatu saa mbili tunarudi na barua. Nimemwambia bibi, akimaliza na chifu, anipigie tuhakikishe muhuri unasomeka.