Jalada haliitwi kwa jina: kupata nakala za shauri la madai mahakamani

Ukifika dirisha la masjala, ofisi ya mahakama inayotunza majalada, ukasema "naomba nakala za kesi ya marehemu baba, ile ya kiwanja", karani atakuuliza neno moja: namba? Majalada ya mahakama zetu za Tanzania hupangwa kwa aina ya shauri, namba na mwaka. Shauri la Madai Na. 38 la 2016 ni jalada moja. Shauri la Mirathi Na. 38 la 2016 ni jingine kabisa, huenda liko kwenye kabati jingine. Jina la baba halifungui lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo kazi huanzia nyumbani. Namba hukaa juu ya hati ya wito, juu ya hati ya madai, kwenye stakabadhi za ada, hata kwenye barua za wakili. Kipekuliwe kila kikaratasi chenye muhuri. Kama hakuna kitu, kumbuka mambo matatu: mahakama ipi, mwaka shauri lilipofunguliwa (si mwaka hukumu iliposomwa, hapa wengi hukosea) na majina ya pande zote mbili kama yalivyoandikwa wakati ule. Ukiwa na mwaka, karani anaweza kupitia rejista ya mashauri ya mwaka huo. Bila mwaka unamwomba asome vitabu vya miaka kumi, na hatavisoma.

Kuna njia ya pembeni ambayo watu wachache huitumia. Kama shauri lilifika Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, tafuta jina la upande mmoja kwenye TanzLII, tovuti ya bure yenye hukumu za mahakama hizo. Ukiipata hukumu ya rufaa, usikimbilie mwishoni kuona nani alishinda. Tazama mistari midogo chini ya majina ya wadaawa, yaani pande za shauri, ukurasa wa kwanza: humo huandikwa rufaa imetokana na shauri namba ngapi, la mwaka gani, la mahakama ipi, ngazi kwa ngazi hadi chini. Mistari hiyo miwili au mitatu inaweza kukuokolea wiki nzima ya kuzunguka. Mashauri yaliyoishia Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya usiyategemee huko. Hayo utayafuata kwenye masjala yenyewe.

Halafu hakikisha uko kwenye mlango sahihi. Mgogoro wa ardhi ulioamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hauko kwenye kabati la Mahakama ya Wilaya, hata kama majengo yanatazamana. Baraza lina masjala yake. Kwa mirathi na ndoa za Dar es Salaam, ulizia kwanza Kituo Jumuishi cha Temeke kilichoanza mwaka 2021 kwa ajili ya mashauri ya familia. Na kama kulikuwa na rufaa, jalada la chini huitishwa na mahakama ya juu, kisha hurudishwa rufaa ikiisha, mara nyingi kwa kuchelewa. Ukiambiwa "jalada halipo" katika Mahakama ya Mwanzo, uliza lilipelekwa wapi, tarehe ngapi, kwa barua ya kumbukumbu namba gani. Kupelekwa jalada huacha maandishi.

Sasa, unaomba nini hasa? "Nakala za kesi" si karatasi moja. Hukumu ni maelezo ya hakimu na sababu zake. Tuzo, ambayo mawakili wengi huiita dikrii, ni ukurasa mmoja au miwili unaosema nani alipwe nini au afanye nini, na ndiyo inayotumika kukaza hukumu, yaani kuifanya itekelezwe. Mwenendo wa shauri ni kila kilichosemwa mahakamani, siku kwa siku: nani alihudhuria, shahidi alijibu nini, kwa nini shauri liliahirishwa. Vielelezo ni mikataba, picha na stakabadhi zilizopokelewa kama ushahidi. Mtu aliyeachana na mwenzake mahakamani na sasa anataka kuoa au kuolewa tena anahitaji tuzo ya talaka. Hana haja ya kurasa 80 za mwenendo zenye aibu za nyumba yake. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anahitaji nakala ya Fomu Na. IV, ile ya uteuzi. Anayetaka kujua mali ziligawanywaje aombe Fomu Na. V ya orodha ya mali na Na. VI ya hesabu za mgawanyo. Anayekata rufaa aombe vyote.

Maombi huwa kwa barua. Mdomo haufai, hata kama karani ni jirani yako. Kwa mahakama za chini mwandikie Hakimu Mfawidhi, kwa Mahakama Kuu mwandikie Naibu Msajili. Barua ifanane na hii:

Hakimu Mfawidhi,
Mahakama ya Wilaya ya ……,
S.L.P. ……

YAH: MAOMBI YA NAKALA ZILIZOTHIBITISHWA, SHAURI LA MADAI NA. …… LA 20…, KATI YA …… (MDAI) NA …… (MDAIWA)

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mdaiwa katika shauri hili, ambalo hukumu yake ilisomwa tarehe …… mbele ya Mhe. ……. Naomba nipatiwe nakala zilizothibitishwa za hukumu, tuzo, mwenendo wote wa shauri na vielelezo vyote vilivyopokelewa, kwa ajili ya kukata rufaa. Nipo tayari kulipa ada inayostahili. Simu yangu ni …….

Nakala: Mdai.

Chapa barua tatu. Moja inabaki masjala, moja anapelekewa mpinzani wako naye asaini kuipokea, ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha uende nayo nyumbani. Karani akikwambia "acha tu, tutakupigia", subiri muhuri. Kama wewe si mdaawa, eleza unahusikaje na kwa nini unataka nakala. Ndugu aliye Muscat au London ampe mtu wa hapa hati ya uwakilishi, maana ujumbe wa simu hautoshi. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu, na stakabadhi hutoka. Anayekuomba hela mkononi "ya karatasi" hakuombi ada ya mahakama.

Tarehe ya ule muhuri ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, katika shauri lililoanzia hapo, kwenda Mahakama Kuu ina siku 90. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, siku 45. Sheria ya Ukomo, Sura 89, inazitoa kwenye hesabu siku ulizokuwa ukisubiri nakala zinazohitajika kwa rufaa, lakini lazima kumbukumbu zionyeshe tarehe tatu: hukumu ilisomwa lini, uliomba lini, ulipewa lini. Huna muhuri, huna tarehe ya pili. Na kuomba kwenyewe kufanyike siku zikiwa bado hazijaisha.

Kwa Mahakama ya Rufani mambo ni makali zaidi. Taarifa ya nia ya kukata rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa. Msajili anaweza kukupa hati ya ucheleweshaji inayoziondoa kwenye hesabu siku za kuandaa mwenendo, ila iwapo tu uliomba kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uamuzi na mpinzani alipelekewa nakala ya barua. Baada ya siku 90 tangu uombe, kama Msajili yuko kimya, una siku 14 za kwenda kufuatilia mwenyewe. Wengi huketi nyumbani wakisubiri simu. Hati hiyo ikitoka, kagua kila tarehe iliyomo. Tarehe moja ikikosewa, rufaa nzima inaweza kuondolewa.

Mahakama ya Mwanzo nayo ina mtego wake. Rufaa kutoka huko kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30, na hulazimiki kuambatisha nakala ya hukumu. Omba nakala, ndiyo, lakini peleka sababu zako za rufaa bila kungoja. Kusubiri uchapaji kumewaponza watu wengi kwa kosa ambalo halikuwa la lazima.

Nakala zikiwa tayari, usiondoke dirishani kabla ya kuzisoma. Tuzo lazima ibebe tarehe hukumu iliposomwa, hata kama ilichapwa miezi miwili baadaye. Iwe imesainiwa, majina ya wadaawa yafanane herufi kwa herufi na ya hukumu, na kiasi kilichoamriwa kiwe kilekile. Hukumu ikisema milioni 12 na tuzo ikasema milioni 1.2, utakwama siku ya kukaza. Kwenye mwenendo, hesabu mashahidi. Baada ya ushahidi wa kila mmoja panatakiwa saini ya hakimu, na katika kuchapa saini hizo huweza kurukwa wakati kwenye jalada halisi zipo. Kurasa za mwandiko wa mkono zikitolewa fotokopi, mstari wa mwisho chini ndio hukatika kwanza. Kila kielelezo kiwe na alama yake, P1 (cha mdai), D2 (cha mdaiwa) na kuendelea. Ukiona kosa, rudisha nakala hiyo kwa barua nyingine yenye muhuri. Makosa ya uandishi hurekebishwa na mahakama hiyohiyo, bila rufaa.

Na jalada likipotea kweli? Andika kwa Hakimu Mfawidhi kwamba umefuatilia tarehe hizi na hizi na hujalipata, uombe litafutwe na ujibiwe kwa maandishi. Likishindikana kabisa, mahakama huweza kuliunda upya kwa kuwaita wadaawa walete walichonacho: hati za madai, majibu, vielelezo, nakala za amri. Mwenye makaratasi yake yaliyogongwa muhuri ndiye atakayelijaza jalada hilo jipya, na mpinzani wako huenda akafika na ya kwake tu.