Ramani ya mwaka 2003 na amri ya mstari mmoja

Mwezi uliopita, nilipokuwa nikihamisha vitu kutoka diski ya zamani iliyoanza kutoa mlio wa kukwaruza, nilikuta faili mbili nilizozichora mwaka 2003 kwa ajili ya Red Alert, mchezo wa vita wa kompyuta. Ya kwanza ni ramani ya wachezaji wanne, ziwa lenye visiwa viwili na kivuko chembamba katikati, na ya pili ni misheni ya mchezaji mmoja iliyotokana na ziwa hilohilo. Red Alert ilitolewa na Westwood Studios mwaka 1996, na mwaka 2008 kampuni ya Electronic Arts iliruhusu watu kuipakua bure, lakini kompyuta yangu ya sasa ina Linux na mchezo ninaoucheza ni OpenRA, injini huria (programu inayoendesha mchezo) iliyoandikwa upya kwa lugha ya programu ya C#, ambayo haifungui faili za zamani zenye kiambishi cha mpr. Ilibidi zigeuzwe kwanza.

OpenRA huja na programu ya pembeni isiyo na dirisha wala vitufe, inayoitwa kutoka kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Amri yenyewe ni hii:

OpenRA.Utility ra --import-ra-map ziwa.mpr

Neno «ra» huieleza programu kwamba tunazungumzia Red Alert, kwa kuwa injini hiyohiyo hubeba michezo kadhaa. Mwenye ramani za Tiberian Dawn, mchezo uliotangulia wa mwaka 1995, ataandika «cnc» na --import-td-map, na atapaswa kukumbuka kwamba ramani hizo ni faili mbili zinazokaa pamoja, moja ya ini na nyingine ya bin. Iwapo jina la faili lina nafasi ndani yake, lifungwe kwa alama za kunukuu. Mimi nilipoteza robo saa nzima nikiilaumu programu kwa kosa ambalo lilikuwa la vidole vyangu.

Kazi ilikwisha kabla sijainua kikombe cha chai, na palepale ikatokea faili ya oramap. Hiyo kwa hakika ni zip ya kawaida, ukiifungua utakuta map.yaml yenye maelezo yanayosomeka, map.bin yenye ardhi, na picha ndogo ya ramani. Faili ya zamani nayo ni ya maandishi, ila ardhi yake haisomeki kwa macho. Ramani ya Red Alert ina miraba 128 kwa 128, yaani 16,384, na kila mraba huchukua baiti tatu, mbili za kutaja aina ya kigae, yaani picha ndogo ya ardhi, na moja ya kutaja ni kipande kipi cha kigae hicho. Baiti hizo 49,152 hubanwa, kisha huandikwa kwa base64, namna ya kuandika baiti kwa herufi na tarakimu za kawaida, katika sehemu inayoitwa MapPack. Kuzifumbua kwa mkono ni adhabu, na hapo ndipo nilipoiheshimu programu hii.

Mambo mengine unaweza kuyafuata kwa kalamu na karatasi, nami nilifanya hivyo kwa sababu sipendi kuamini kitu nisichokiona. Katika sehemu ya Waypoints, yaani alama za mahali, ya faili yangu kulikuwa na mstari huu: 0=6738. Namba hiyo ni ya mraba mmoja, ikihesabiwa kuanzia sifuri kutoka pembe ya juu kushoto, safu baada ya safu. Gawanya 6738 kwa 128 upate 52 na baki ya 82, na sasa unajua kwamba mchezaji wa kwanza anaanzia safu ya 52 kwenda chini, mraba wa 82 kwenda kulia. Katika map.yaml mpya nilikuta mpspawn, alama ya mahali anapoanzia mchezaji, na chini yake Location: 82,52. Nilikagua wachezaji wote wanne, na wote walikuwa mahali pao.

Kasoro ilijitokeza tulipocheza. Mpwa wangu, ambaye alikuwa bado hajazaliwa nilipoichora ramani hiyo, alikalia kisiwa cha kusini, akajenga viwanda viwili vya kusafishia madini, na baada ya muda akageuka kuniuliza, «Mjomba, mbona hapa hakuna tena kitu cha kuchimba?» Nilitazama kisiwa changu, nacho kilikuwa kitupu. Katika Red Alert ya awali madini humea na kusambaa yenyewe, hivyo mwaka 2003 sikuona haja ya kuweka migodi. OpenRA hufanya kazi kwa utaratibu mwingine, kwani madini mapya hutoka kwenye mgodi uliowekwa ramanini, na pasipo mgodi unachokivuna hakirudi. Programu ilikuwa imehamisha kila punje niliyoichora bila kosa, lakini kanuni ya kumea haikuwa ndani ya faili yangu. Ilikuwa ndani ya mchezo wenyewe. Niliifungua ramani katika kihariri cha OpenRA, nikaweka migodi sita, na mechi ya pili ikaendelea hadi usiku.

Faili ya misheni imekuwa ngumu zaidi. Vifaru vilihama salama, hata mwelekeo wao: mstari uliosema 2TNK,256,6740,64 ulimaanisha kifaru chenye afya kamili kinachotazama mashariki, na 64 ile ikawa 768, kwa sababu Red Alert hugawa duara sehemu 256 na kuzihesabu kufuata mwendo wa saa, ilhali OpenRA hulihesabu kinyume chake kwa sehemu 1,024. Mzunguko huo wa hesabu ungenitoa jasho, lakini programu haikutetereka. Kilichobaki nyuma ni sehemu za Trigs na TeamTypes, zile zinazosema adui atoke lini, msaada ushuke wapi, na mchezaji ahesabiwe mshindi kwa kufanya nini. Programu huziruka, na nadhani ni uamuzi sahihi, kwa kuwa katika OpenRA mambo hayo huandikwa kwa lugha ya programu ya Lua, na kuyatafsiri kimashine kungeleta misheni inayofunguka vizuri na kukwama katikati bila mtu kujua sababu.

Kwa hiyo ninaiandika upya jioni moja moja, faili ya zamani ikiwa upande wa kushoto wa skrini na Lua upande wa kulia. Hadi jana usiku nilikuwa nimefikia pale ambapo meli inapaswa kushusha vifaru vitatu kwenye kisiwa cha kusini. Meli inafika, inafungua mlango, na vifaru vimekataa kutoka.