Kadi 19 zilizokuwa 15

Jumapili, usiku

Nimeweka kisu chini sasa hivi. Mbele yangu kuna rundo la vipande 36 vya manila ya buluu iliyokolea, kila kimoja milimita 148 kwa 210. Nimevigonga mezani pande zote nne, kama mtu anayepanga karata, nione kama kingo zinalingana. Zinalingana, isipokuwa viwili vya chini ambavyo nitavieleza baadaye. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia, na kabla furaha haijapoa nataka kuandika nilivyofika hapa, kwa sababu mwezi uliopita kazi hiihii ilinitoa machozi.

Rafiki yangu aliniomba kadi 30 za shukrani. Kadi ninazozipenda ni zile ndogo zinazosimama wima: karatasi ya A5, yaani hiyo ya 148 kwa 210, inakunjwa katikati, inakuwa A6, inaingia kwenye bahasha ya C6 ambayo ni milimita 114 kwa 162. Huwa naanza na bahasha. Niliwahi kuanza na kadi nikaja kutafuta bahasha ya kuitosha, na sitarudia. Bahasha ikishajulikana, kadi inajulikana, na kadi ikishajulikana ndipo ninapoikaribia karatasi kubwa.

Karatasi ninayoitumia ni ya milimita 700 kwa 1000, gramu 250 kwa mita ya mraba. Ni kubwa kuliko meza yangu. Mara ya kwanza kuileta nyumbani niliitandika sakafuni, nikachukua kadi ya mfano, nikaanza kuichora kuzunguka kuanzia kona moja, nikisogea popote palipoonekana pana nafasi. Nilipata kadi 14 na mabaki mengi yenye maumbo ya ajabu yasiyofaa kwa lolote. Siku ile nilijua tu kwamba nimepoteza karatasi. Namna nilivyoipoteza sikuijua.

Baada ya hapo nikawa nachora kwanza mchoro mdogo. Mstatili wa milimita 70 kwa 100 kwenye daftari ndiyo karatasi yenyewe, imepunguzwa mara kumi, na ndani yake naweka kadi za milimita 15 kwa 21 hivi. Mchoro huo umeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote nilicho nacho. Unapochora, unaona mara moja kwamba kadi zikilazwa upande wa 210 ukifuata urefu wa karatasi, zinaingia 4 kwa 4, yaani 16. Ukizigeuza, upande wa 148 ukafuata urefu, zinaingia 6 kwa urefu na 3 kwa upana, yaani 18. Karatasi ni ileile na kadi ni ileile, ila umepata mbili zaidi kwa kugeuza tu.

Mwezi uliopita nilikaa na daftari hilo mpaka nikapata 19. Safu tano za kadi tatutatu, halafu safu ya mwisho nikaigeuza, zikaingia nne. Tano mara 148 ni 740, ukiongeza 210 unapata 950, na karatasi ina 1000. Nilijisikia kama mtu aliyeokota hela njiani. Nikakata kadi 19, nikazipanga, nikaanza kukunja.

Kumi na tano zilikunjika vizuri, mkunjo laini, mstari mmoja wa kivuli. Nne zilipasuka. Buluu ya juu ilichanika kwenye mgongo wa kadi, na weupe wa ndani ukatokeza kama mkwaruzo. Nilidhani ni mkono wangu umechoka. Nikabonyeza mstari upya, nikakunja polepole zaidi, zikazidi kuwa mbaya. Ilinichukua usiku mzima kugundua kwamba zile nne zote zilitoka kwenye safu ya mwisho, ile niliyoigeuza ili nipate kadi ya 19.

Nyuzi za karatasi zina uelekeo. Karatasi inapotengenezwa kiwandani, majimaji yenye nyuzi humwagwa juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi nyingi hulala zikifuata mwendo wa mashine. Ukikunja sambamba nazo, zinatengana kwa upole na mkunjo unatulia. Ukikunja kwa kuzikatiza, unazivunja nyuzi zenyewe, na kwenye karatasi nzito au yenye rangi ya juu tu jeraha linaonekana. Nilikuwa nimesikia habari hizi kabla. Nilizichukulia kama mambo ya wachapaji wa vitabu, si ya mtu anayekata kadi mezani kwake.

Sasa sikati kabla ya kujaribu. Naipinda karatasi nzima bila kuivunja, naisukuma kwa kiganja, kwanza upande huu kisha ule. Upande mmoja inakubali, upande mwingine inarudisha mkono. Inapokubali, ule mpindo uko sambamba na nyuzi. Nikiwa na wasiwasi nakata kipande kidogo cha mraba kwenye mabaki, naweka alama ya upande upi ni upi, nakilowesha uso mmoja tu. Kinajiviringisha kama bomba, na bomba hilo linalala sambamba na nyuzi, kwa sababu uzi ukinywa maji unanenepa sana na kurefuka kidogo mno. Jaribio hili napenda kulitazama hata wakati silihitaji.

Karatasi yangu nyuzi zake zinafuata upande mrefu, ule wa 1000. Kadi yangu inakunjwa katikati ya 210, kwa hiyo mkunjo unafuata upande wa 148. Basi 148 lazima ufuate 1000, kadi zote, bila hata moja kugeuka. Mpangilio huo ni ule wa 18. Zile 19 za mwezi uliopita zilikuwa 15 tangu nilipokuwa bado na penseli mkononi. Nimeliandika hili ndani ya jalada la daftari kwa herufi kubwa.

Jambo moja limenishughulisha leo nilipokuwa nakata. Karatasi ya A1, milimita 594 kwa 841, inatoa A5 kumi na sita kwa kuigawa nusu na nusu tena, na haibaki hata ukanda. Huo ndio uzuri wa uwiano ambao Lichtenberg, mwanasayansi wa Kijerumani, aliueleza kwenye barua mwaka 1786, na Wajerumani wakaufanya kiwango mwaka 1922: nusu ya karatasi ina umbo lilelile la karatasi nzima. Kwa hesabu ya eneo hakuna kinachoishinda. Lakini ukizilaza zile kumi na sita, 148 zote zinafuata upande mfupi wa A1. Kama nyuzi zinafuata upande mrefu, na nyingi nilizoshika ziko hivyo, kila kadi itakunjwa kwa kukatiza nyuzi. Mpangilio usioacha taka hata kidogo unaweza kukupa kadi 16 zilizopasuka mgongoni. Ukipata A1 yenye nyuzi zinazofuata upande mfupi, nunua nyingi uziweke.

Sasa mpangilio wa kukata wenyewe, ambao leo umekwenda vizuri kuliko siku zote. Kwanza sikuziamini kingo za karatasi. Nilichukua guni la seremala nikapima kona, nikakuta moja haijanyooka, nikapunguza milimita tatu hivi kwenye upande mrefu na mfupi ili nipate kona moja ya kweli. Vipimo vyote vilitoka kwenye kona hiyo. Zamani nilikuwa napima 148, nakata, napima 148 nyingine kutoka nilipokata, na kila mara kosa la nusu milimita linarithiwa na kipande kinachofuata. Kufikia kipande cha sita nilikuwa nimepotea milimita tatu. Sasa naweka alama ya 148, ya 296 na ya 444 kutoka sifuri ileile, na alama naitoboa kwa ncha ya kisu, kwa kuwa mstari wa penseli una unene wake na hujui ukate upande upi.

Halafu nikakata kwenye 888, mkato mmoja wa kuvuka karatasi nzima. Ukanda wa mwisho ukaondoka. Nikakata kwenye 444, nikawa na vipande viwili vya 444 kwa karibu 700, na kuanzia hapo kila kitu kinaenea kwenye mkeka wangu wa kukatia. Hili ndilo lililobadilisha kazi. Mikato mirefu ni miwili tu, na inafanywa mapema, mkono ukiwa bado na nguvu na jicho likiwa bado limetulia. Kisha mikato mitatu ya 210 kwenye kila kipande, inayotoa kanda sita, na kila ukanda mikato miwili. Jumla 20 kwa karatasi moja, ukiacha ile miwili ya kunyoosha kona.

Nakata nikiwa nimesimama. Vidole vya mkono wa kushoto vinatawanyika juu ya rula ya chuma, kimoja mbali na kingine, ili isigeuke kwenye ncha. Kisu kinapita mara tatu au nne kwa wepesi, na mara ya kwanza ni kuchora tu njia. Karatasi ya gramu 250 ukiikandamiza ili ikatike mara moja, wembe unainama na ukingo unatoka mshazari. Nilivunja ncha ya wembe nikatoa mpya kabla ya kuanza karatasi ya pili, ingawa wa kwanza ulikuwa bado unakata. Unakata, ndiyo, lakini unaacha manyoya kwenye ukingo, na manyoya hayo kwenye buluu yanaonekana kama vumbi lisilofutika.

Kukata karatasi mbili kwa pamoja nilikuacha. Ya chini husogea hata ukiibana vipi. Mashine ya kukatia yenye mkono wa kushusha nayo huivuta karatasi kadiri wembe unavyoshuka kama haina kibanio kizuri. Kwa kadi 36 sioni faida ya kuharakisha hapo.

Vile viwili vya chini kwenye rundo ni kosa la ukanda wa mwisho. Rula iliteleza, na upande mmoja ukawa 209 badala ya 210. Nitavikunja kwa kufuata nusu ya nyuma, uso wa mbele utakuwa mfupi kidogo, na hakuna atakayejua. Zaidi ya hayo kadi zinazohitajika ni 30, ninazo 36.

Mabaki nimeyapenda. Kila karatasi imeacha ukanda wenye upana wa karibu milimita 110, na ndani yake zinaingia kadi nne bapa za 105 kwa 148, za kuandika neno fupi na kuziweka kwenye bahasha zilezile za C6. Zile kanda nyembamba, milimita sitini na kitu kwa 444, mbili kwa kila karatasi, zinatoa vialamisho vya kitabu vitatuvitatu. Nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, kwa hiyo havitalegea. Kwa karatasi mbili ni kadi bapa nane na vialamisho 12. Kilichoingia kwenye pipa ni vijiti vyembamba tu, konzi mbili hivi.

Nilisema sitakunja usiku huu, lakini nimeshindwa kusubiri. Nimechukua kipande kimoja kutoka safu ya mwisho, safu ileile iliyonisaliti mwezi uliopita, nikaweka rula kwenye 105, nikapitisha mfupa wa kukunjia, kile kifaa bapa cha kubonyezea mkunjo, mara mbili, nikakikunja. Nimekisogeza karibu na taa, nikapitisha ukucha mgongoni. Buluu tupu, juu mpaka chini. Vingine 35 nimevifunika kwa kitabu kizito, nitavikunja kesho jioni.