Dawa ya mkojo na moyo wenye presha

Presha ikikaa juu kwa miaka, ukuta wa chumba cha kushoto cha moyo hunenepa kama msuli wa mbeba mizigo, ukashindwa kulegea ili chumba kijae damu. Haidroklorothiazaidi, dawa ya presha inayoongeza mkojo, miligramu 12.5 hadi 25 kila asubuhi, hutoa chumvi na maji. Wiki kadhaa baadaye mishipa yenyewe hutanuka, mzigo ukapungua. Katika ALLHAT, utafiti mkubwa wa dawa za presha wa 2002, waliotumia klorthalidoni, dawa ya mkojo ya aina hiyohiyo, walipata moyo kushindwa kazi kwa uchache kuliko waliotumia amlodipini, dawa ya presha inayotanua mishipa.

Ila potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyahitaji, nayo hutoka na mkojo. Ikishuka chini ya milimoli 3.5 kwa lita ya damu, miguu hukaza usiku, mapigo yakaruka. Anayemeza digoksini, dawa ya moyo, yumo hatarini zaidi. Tafadhali, pima damu wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza. Ukiharisha au kutapika, mpigie daktari siku hiyohiyo.